Dakika za Mtu Aliyekaa

Jumapili, 1 Machi

Saa zimefika. Mwanangu katuma mbili, yangu na ya baba yake, zimeviringishwa kwenye soksi mpya zisije zikavunjika njiani. Yangu ina mkanda mwekundu, ya Mzee mweusi. Huyu binti tangu apate kazi huko mbali amegeuka mama yetu – mara tupunguze chumvi, mara tutembee jioni. Leo kapiga simu ya picha na kutusimamia mpaka tukazivaa. Mkanda unabana kidogo juu ya kifundo cha mkono, na chini yake kuna taa ya kijani inayomulika ngozi.

Alitueleza kwa subira, kama tunavyoelezwa siku hizi. Saa haiangalii miguu. Inaangalia damu inavyopita chini ya ngozi, ndiyo inajua mapigo ya moyo. Inakuuliza umri, inapiga hesabu moyo wa mtu wa umri huo unaweza kwenda kasi hadi wapi, kisha inachora mstari. Moyo ukivuka mstari, umefanya mazoezi, unapewa dakika. Ukivuka sana, kila dakika inahesabiwa mbili. Usipovuka, hata uzunguke mji mzima huna chako. Tena kila mmoja anaona dakika za mwenzake kwenye simu, ili tushindane.

Mzee alisema atanishinda asubuhi na mapema. Nikamwambia atanishinda kwa lipi, mtu anayeshinda kwenye stuli akisaga vioo vya miwani! Alicheka. Nilikuwa natania, ila utani wangu una meno, najijua.

Jumatano, 4 Machi

Sifuri! Kutwa nimekanyaga cherehani, sketi za sare ya shule rundo zima, mguu umekufa ganzi – na saa inasema sifuri. Mwenzangu wa cherehani ya jirani, ambaye karakana nzima tunamwita Redio kwa sababu hazimwi, kacheka mpaka nusura ajishone kidole. Eti moyo wangu umeizoea kazi hii kiasi kwamba haujui tena kama nafanya kazi. Labda kweli. Miaka yote hii nikijiona mchapakazi, kumbe moyo umelala.

Mzee kapata dakika kumi na tisa. Jioni nikamuuliza alifanya nini. Hakujua. Akasema labda alipanda ngazi. Duka lao halina ngazi hata moja. Neno limenikaa.

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimerudi kwa miguu, mbiombio, jasho mpaka kwenye masikio. Kumi na mbili. Nikaingia ndani nimevimba kichwa. Mzee – thelathini na nne.

Nimegundua kwamba ukibonyeza zile dakika unaonyeshwa zilipatikana muda gani. Zake nyingi ni za mchana, duka linapofungwa kwa ajili ya chakula. Na hatua? Hakuna. Mtu kakaa mahali pamoja, moyo unakwenda mbio.

Kosa langu ni kumwonyesha Redio. Alitazama simu, akanirudishia polepole, akasema, “Hatua hakuna, moyo juu. Dada, mimi simo.” Halafu akaingia kwa miguu yote miwili. Mpaka tunafunga karakana alikuwa ameshanikumbusha habari za yule dada wa kaunta pale dukani, aliyeanza kazi mwaka huu. Namjua. Anawavalisha wateja miwani na kuwarekebishia nyuma ya masikio kwa vidole viwili. Ana sauti laini. Sikuwahi kumfikiria vibaya mpaka leo saa nane mchana.

Jumanne, 10 Machi

Nimemuuliza. Nilijiahidi nitauliza kwa upole, na kweli nilianza kwa upole.

Alisema, “Nilikuwa nimekaa, Mama. Kwenye stuli.”

Nikasema mtu aliyekaa moyo wake unakimbilia wapi. Akasema hata yeye anashangaa, siku nyingine kifua kinamrukaruka tu, bila sababu, halafu kinatulia chenyewe. Naandika nilichomjibu kama nilivyokisema, maana hata sasa kinanichoma: nilimuuliza kifua kinamruka akimwona nani.

Akala kidogo, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Ningeweza kumfuata kule jikoni nikamwambia samahani. Nilichukua pasi nikaanza kunyoosha nguo ambazo zilikuwa zimenyooka.

Alhamisi, 12 Machi

Mwanangu kamwandikia baba yake hongera. Kamtumia na picha ya kikombe cha ushindi. Dakika za wiki zimepita hata zile wanazoshauri wataalamu. Mzee aliniangalia wakati anasoma ule ujumbe, akaizima simu. Hakujibu.

Mimi nina ishirini na sita za wiki nzima. Nimezipata kwa jasho. Zake sijui kazipata kwa kitu gani.

Jumapili, 15 Machi

Leo shwari. Hakwenda popote. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, mimi pembeni yake nimefumua shati lake la kazi nageuza kola, maana upande wa juu umechakaa. Nilimwomba anishikie ncha ya kitambaa, akashika. Baadaye akafumba macho, nikajua kasinzia.

Sikuangalia simu leo, kwa makusudi. Na mimi nipewe hongera.

Jumanne, 17 Machi

Nimefanya. Sijui nimefanya nini.

Niliomba ruhusa kwa msimamizi, nikamwambia nina jino. Saa saba na kitu nikawa mbele ya duka la miwani. Mlango umefungwa, kibao kimegeuzwa. Kwenye benchi la nje wateja watatu wanangoja. Nikafungua simu – dakika zake zinapanda pale pale, mimi nikiangalia. Tano. Saba. Tisa. Duka limefungwa, yeye yumo ndani, na dakika zinapanda! Damu ilinipanda na mimi. Bila shaka saa yangu ilinihesabia.

Niligonga. Kimya. Nikagonga kwa kiganja. Akachelewa sana kufungua. Alipofungua, shati liko wazi vifungo viwili, jasho usoni, midomo mikavu, ameshika fremu ya mlango. Mtu mwingine yeyote angeona mgonjwa. Mimi niliona nilichokuja kukiona.

Nilimsukuma nikapita. Nikafunua pazia la karakana yake ndogo ya nyuma, nikafungua choo, nikachungulia mpaka chini ya kaunta. Hakuna mtu. Mashine ya kusagia imezimwa, stuli imesogezwa ukutani, juu yake kuna koti lake limekunjwa kama mto. Hapo ningejiuliza. Badala yake nikasema wamemtoa kwa mlango wa nyuma. Duka halina mlango wa nyuma, lina dirisha lenye nondo.

Mara dada wa kaunta akatokea barabarani, chupa ya maji mkononi, anatoka kula. Nikamvaa pale pale mbele ya wateja. Sitaandika niliyomwambia. Alisimama tu na chupa yake, macho yamejaa machozi, hata hakujua nimemkamata kwa kosa gani. Nilikuwa namwonyesha simu – tazama, tazama dakika hizi!

Mzee alisema, “Mama, naomba nikae kwanza.”

Nikamwambia akae, si ndiyo kazi yake.

Mwenye duka alifika wakati huo. Sikungoja kufukuzwa.

Jioni Mzee alirudi kwa muda mfupi. Alivua saa, akaiweka kwenye bakuli la vitunguu, mahali pa kwanza alipoona. Akachukua begi, nguo chache, wembe wake. Akasema anakwenda kwa dada yake. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nilisimama na mwiko mkononi, nikamwacha apite.

Jumatano, 18 Machi

Simu hapokei.

Alhamisi, 19 Machi

Simu hapokei. Nimeandika ujumbe nimefuta, nimeandika nimefuta. Redio kaniambia nimwache, mwanaume akikosa chakula chake atarudi. Nikamwambia anyamaze. Kanyamaza! Kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilitaka kumlaumu yeye, lakini yeye alisema maneno yake ndani ya karakana. Aliyekwenda kuyapaza barabarani ni mimi.

Pembeni ya kitanda kuna viatu vyake vya ndani. Nimevisogeza, nimevirudisha.

Jumamosi, 21 Machi

Dada wa kaunta kaja karakanani. Cherehani zote zilinyamaza, Redio katoa macho. Nilidhani kaja kulipiza, na haki yake ningempa. Alikuja na miwani ya Mzee, aliyoisahau dukani siku ile.

Tulisimama nje kwenye kivuli cha ukuta. Alisema hakuja kugombana, aliniita mama, akasema jambo moja tu linamkosesha raha. Kwamba Mzee, kwa wiki kadhaa sasa, mchana akishatoka yeye kwenda kula, anafunga mlango na kuegemea ukuta. Alimkuta hivyo siku aliyorudi kuchukua mwavuli. Kakaa kwenye stuli, koti nyuma ya kichwa, mkono kifuani, anahema. Akamsihi asimwambie mtu, ni uchovu tu, asije akamtia wasiwasi mke wake.

“Nilidhani unajua, mama,” alisema. “Siku ile ulipokuja na simu, mwanzoni nilidhani umekuja kumpeleka hospitali.”

Nilimwomba radhi. Alisema yameisha. Hayajaisha, naona kwenye uso wake, tena kaniambia mwenye duka kamwambia Mzee apumzike nyumbani mpaka mambo ya familia yake yatulie. Yaani nimemwondoa na kazini. Miwani yake iko hapa mezani, mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Fundi wa miwani wa mji mzima, yake mwenyewe imefungwa kwa uzi.

Jumapili, 22 Machi

Nimeamka nikafungua simu nikaanza kuzisoma dakika zake tangu siku ya kwanza. Sikuwa natafuta mwanamke tena. Nilikuwa natafuta nini sijui.

Mchana, mchana, mchana. Asubuhi moja kabla hajatoka kitandani. Halafu tarehe kumi na tano. Siku ambayo sikuangalia. Dakika arobaini na moja, saa kumi alasiri.

Saa kumi alasiri Jumapili ile alikuwa na nani? Alikuwa na mimi. Kakaa kwenye kiti cha dirishani, kashika ncha ya shati, mimi nafumua kola. Goti langu lilikuwa linagusa lake. Nikaona kasinzia. Kumbe alikuwa amefumba macho akingoja moyo wake utulie, na hakunishtua, kwa sababu siku tano kabla yake aliniambia habari za kifua nikamuuliza akimwona nani.

Niliweka simu chini nikalia kama mtoto. Sijalia vile tangu mazishi ya mama.

Nikampigia mwanangu. Nilimweleza yote, pamoja na ya dukani. Alikuwa anajua nusu tu. Akaniambia nifungue mchoro wa tarehe ile, kisha wa siku niliyotembea mimi kutoka kazini, niilinganishe. Wangu unapanda taratibu, unayumba, unashuka taratibu, kama mtu anavyopanda kilima. Wa baba yake uko chini, chini, mara umeruka juu ghafla na kukaa huko, halafu umedondoka ghafla. Alisema hayo si mazoezi. Saa inaona kasi tu, haiwezi kujua moyo unakimbia kwa sababu gani, hivyo ilimpa dakika kama inavyompa kila mtu. Kisha akasema:

“Mama, na mimi nilimtumia kikombe.”

Tulilia wote wawili, kila mtu kwake. Alisema baba apelekwe akapimwe moyo, asingoje. Akampigia yeye mwenyewe. Akanirudia baada ya muda mfupi. Baba yake kapokea, kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza: mama yako kakutuma?

Jumatatu, 23 Machi

Nimekwenda kwa wifi. Anakaa ghorofa ya tatu. Nilipanda zile ngazi nikifikiria kwamba na yeye huwa anazipanda. Mkoba una miwani yake, saa yake, na sufuria ya mchuzi, kwa sababu sikujua mtu anakwenda na nini kwenye hali kama hii.

Wifi alifungua mlango nusu. Ni mkubwa kwetu sote, alimlea Mzee tangu yuko darasa la pili, na hajawahi kunipenda sana wala kunichukia. Alisema, “Wifi, kama umekuja na dakika zako, rudi nazo.” Nikamwambia nimekuja na dakika hizo hizo, lakini anipishe nizieleze tofauti. Alinipima kwa macho. Akanipisha.

Mzee alikuwa sebuleni, amekonda. Siku sita tu! Au alikuwa amekonda tangu zamani, mimi macho yangu yalikuwa kwenye simu. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha mbele ya dada yake. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yalipotea, nikabaki kusema nimekukosea, nimekukosea. Aliniambia niinuke, sakafu ni ya baridi.

Nikamwonyesha mchoro. Nikamweleza kama mtoto alivyonieleza, tarehe kumi na tano, kiti cha dirishani, kola. Nikamwambia moyo wako una jambo, twende hospitali, nakuomba. Nikatoa saa, nikamwambia avae angalau, mtoto aone hali yake akiwa kule aliko.

Alisema, “Pingu hiyo sivai tena.”

Halafu akachukua miwani yake, akaipangusa kwa upindo wa shati, akaivaa, ndipo akanitazama sawasawa.

“Nilikwambia nilikuwa nimekaa. Miaka ishirini na sita tunaishi wote, nikakwambia kwa mdomo wangu, hukuniamini. Leo simu imekwambia nilikuwa nimekaa, umeniamini. Sasa Mama, umemwamini nani hapo?”

Swali hilo nimerudi nalo njia nzima. Alisema hospitali hatakwenda kwa kuburutwa, ataangalia mwenyewe. Wifi alinisindikiza mpaka mlangoni. Mchuzi aliupokea. Nashika hilo, maana sina kingine cha kushika.

Jumanne, 24 Machi

Kazini nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Redio kaifumua kimyakimya akanishonea upya. Mtu mbaya si yeye.

Nimemtumia ujumbe Mzee, huu sikuufuta: Nilipaswa kukuamini wewe. Kausoma. Hakujibu.

Nafikiria hizi siku tangu alipovua saa. Mwanangu anasema kwa daktari ingefaa sana kuona moyo ulikwendaje wiki hii. Hakuna. Mchoro umekatika Jumanne ile jioni, wakati saa ilipowekwa kwenye vitunguu. Kile kitu kilikuwa kinapiga kelele kila mchana kwamba mume wangu anaumwa, na mimi nikakigeuza askari wa kumkamatia. Alipochoka kukamatwa akakivua. Sasa hakuna anayejua kinachotokea kifuani mwake, hata mashine.

Jumatano, 25 Machi

Wifi kapiga. Leo alasiri Mzee alishuka kununua mkate, hakurudi. Wakamkuta amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mkate mapajani, hawezi kusema. Ilimchukua karibu saa nzima kuinuka. Jirani mmoja alisaidia kumpandisha. Amekubali kwenda hospitali kesho asubuhi.

Nikamuuliza wifi kama mimi naweza kuja. Akasema, njoo, lakini ukae kimya. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Nimepiga pasi shati lile la kola iliyogeuzwa. Nitakwenda nalo, asipolitaka nitarudi nalo.

Alhamisi, 26 Machi

Niko hospitali, kwenye korido ya vipimo vya moyo. Naandika kwa sababu nisipoandika nitasema, na nimeahidi kukaa kimya.

Wamekuja kwa gari la jirani. Mzee aliniona kwenye benchi, akaitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia mteja. Shati nilimpa wifi, akaliweka kwenye begi bila kulitazama. Walikaa benchi la mbele yangu. Miguu yake imevimba juu ya soksi. Ni lini imevimba? Soksi zake mimi ndiye nafua.

Sasa yumo ndani, mlango umeachwa wazi kidogo kwa joto. Wifi kaingia naye. Namwona Mzee upande mmoja tu – bega, mkono, nyaya zilizobandikwa kifuani. Mashine inatoa karatasi taratibu. Daktari ni kijana wa kike, anaongea taratibu, na kwa bahati korido imetulia, nasikia kila neno.

Anasema kwa sasa moyo unakwenda vizuri. Hicho ndicho kinamtatiza. Unaruka ukitaka, ukija kupimwa umetulia. Anauliza ilianza lini. Mzee anasema hajui hasa, alidhani uchovu. Anauliza huwa inakuja mara ngapi kwa wiki. Mzee anasema mara kadhaa. Inakaa muda gani? Inategemea. Kuna siku ilizidi? Kimya. Daktari anamgeukia wifi, anauliza nyumbani nani alikuwa anaona. Wifi anasema kwake amekaa siku chache tu, hajui ya kabla ya hapo. Daktari anasema bila kujua hayo ni vigumu kuamua dawa ipi na haraka kiasi gani, watamfunga kifaa cha kurekodi mapigo, warudi baada ya siku kadhaa, waombe Mungu moyo uruke wakati kimefungwa.

Mimi najua. Najua ilianza lini. Najua mara ngapi, saa ngapi, ilikaa muda gani, ilifika kasi ipi. Nimezisoma dakika zile kuliko mtu anavyosoma barua ya mchumba. Hakuna mke aliyewahi kuujua moyo wa mumewe kama mimi ninavyoujua wa huyu. Nilikuwa namwinda, lakini najua. Simu iko mkononi mwangu hapa, imeloa jasho.

Nikiingia nayo, nitaifungua mbele ya macho yake kwa mara nyingine. Simu ile ile, vidole vile vile, tazama dakika hizi. Na nimeahidi kukaa kimya.

Daktari kanyanyuka. Ameniona nilivyosimama – sijui nimesimama saa ngapi. Kafungua mlango wote. Ananiuliza mimi ni nani wa mgonjwa.

Wifi ameinamisha macho. Mzee amegeuza kichwa kwenye mto, miwani yake yenye uzi imenielekea. Hanisemei. Na yeye anangoja kusikia nitajiita nani.